Alianguka

Kwetu Kibosho, kwenye Mlima Kilimanjaro, kiharusi hakitajwi kwa jina. Watu wa redio wanalijua neno hilo na manesi wanalitumia, ila nyumbani husemwa tu: alianguka. Babu alianguka asubuhi akienda kufungulia maji mfongoni, kwenye mfereji wa shamba. Baba alianguka akiwa amekaa, kikombe cha chai mkononi, akiwa na miaka 58. Baba mdogo alianguka Dar es Salaam, kituo cha daladala, tukaupokea mwili wake alfajiri ya siku ya tatu. Shangazi kwa kweli hakuanguka. Aliamka tu mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia hausikii. Lakini naye, siku tuliyomzika kule Uru kwa mumewe, kwenye historia ya marehemu lilisomwa lilelile: "Mwaka jana mama yetu alianguka."

Makaburi ya wale wanaume watatu yamepangana chini ya migomba, hatua chache kutoka jikoni kwa Mama. Mimi ni kitinda mimba, na kwa desturi yetu kihamba cha baba, yaani shamba la nyumbani, hubaki kwa mtoto wa kiume wa mwisho. Nilijua tangu utotoni nitarithi nini: migomba, kahawa iliyozeeka, nyumba, kumtunza Mama, kufyeka makaburini kila Desemba. Presha sikuwahi kuihesabu humo.

Niliikuta chini ya turubai la uchangiaji damu, mjini Moshi, nikiwa na miaka 39. Nesi alinifunga mkanda, akatazama mashine, akaufungua, akaufunga mkono wa pili. 166 kwa 104. Akaniambia nikae kitini, nisiongee, nisishike simu. Baada ya dakika 10: 162 kwa 102. "Mwalimu, leo hutoi damu. Nenda kamwone daktari." Nilibishana naye kidogo, kwa heshima. Kichwa hakikuwa kinaniuma, macho hayakuwa yanaona giza, na Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimepanda kwa miguu hadi nyumbani bila kuhema. Nilikuwa naamini, kama wengi wetu, kwamba presha hubisha hodi kwanza.

Daktari hakukimbilia kuandika dawa. Alinipima siku tatu tofauti, akaagiza vipimo vya mkojo na figo, kisha akashika kalamu. Nani nyumbani ana presha? Alianza na umri gani? Waliofariki, walifarikije? Nikajibu kama tunavyojibu siku zote. Alianguka. Alianguka. Naye alianguka. Yeye akaandika "kiharusi" mara nne, na mbele ya kila kimoja akaweka umri. Sikuwahi kuuona ukoo wetu ukiwa kwenye safu moja namna ile.

Jioni nikamweleza Mama. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua uso. "Hiyo ni ya ukoo, baba. Sasa utafanyaje?"

Mama hakuuliza ili ajibiwe. Alikuwa anafunga mazungumzo, kama watu wanavyosema "kazi ya Mungu haina makosa" huku wakiinuka kwenye viti vya msibani. Ziko koo nyingi hapa mlimani ambako presha imekubaliwa kuwa ya ukoo na habari ikaishia hapo. Mimi lile swali lilinikaa kifuani kwa sababu upande wa kwanza wa maneno yake ni kweli kabisa, na nilitaka kujua kinachorithiwa ni kitu gani hasa. Babu alinipa nini? Kiko wapi mwilini mwangu?

Nafundisha bayolojia, huu ni mwaka wa 14. Kila mwaka nachora mishipa ubaoni na kuwaambia wanafunzi kwamba ateri ni bomba lenye ukuta mnene. Mchoro huo hauwafai tena, na nimeuacha. Sasa naanza na mfongo.

Aliyekulia mlimani anaijua mifongo, ile mifereji ya wazee inayoteremsha maji ya mlima hadi shambani. Zamu yetu ilikuwa Jumatano. Maji yalipokuwa chini mno kuingia kwenye shamba letu, Baba alikata kipande cha mgomba, akakilaza ndani ya mfongo na kukishindilia udongo. Hakuongeza tone moja kutoka mlimani. Alibana njia tu, na maji nyuma ya ule mgomba yakapanda hadi ukingoni. Siku nyingine alibana kupita kiasi, na ukingo ukapasuka mahali palipokuwa dhaifu, mara zote mbali na pale alipobana yeye. Presha nyingi za watu wazima ziko hivyo. Moyo unasukuma damu kiasi chake cha kawaida. Kilichobadilika ni vishipa vidogo, vile vya mwisho kabla damu haijaingia kwenye nyama za mwili. Vimebana. Na ukingo huo unaweza kupasuka ubongoni.

Hesabu yake inatisha kidogo. Ukipunguza upana wa kishipa kwa nusu, ugumu wa damu kupita hauongezeki mara 2, unaongezeka mara 16. Ukipunguza sehemu moja tu ya kumi, ugumu unapanda kwa zaidi ya nusu. Niliiandika ubaoni mbele ya Kidato cha Tatu, nikakaa kimya nikaiangalia na mimi. Badiliko dogo la ukuta, ambalo hakuna jicho lingeliona, linatosha kumfikisha mtu pale alipofika Baba.

Ila mfongo ni udongo, hauamui chochote. Mshipa unaamua. Ndani kabisa, pale damu inapogusa ukuta, kuna tabaka moja tu la seli linaloitwa endotheliamu. Kwa muda mrefu wataalamu waliliona kama ngozi nyembamba ya kutenganisha damu na ukuta, basi. Aliyebadilisha mawazo hayo ni Robert Furchgott, aliyekuwa akifanya kazi Brooklyn, New York. Maabara yake ilitumia vipande vya ateri kubwa ya sungura, na kulikuwa na jambo lililokuwa halieleweki: dawa iitwayo asetilikolini hulegeza mishipa ya mnyama aliye hai, lakini kwenye vipande vyake iliikaza. Hadi siku moja kipande kikalegea. Walipofuatilia hatua kwa hatua wakagundua kwamba vile vipande vya zamani vilikuwa vikisuguliwa upande wa ndani wakati wa kuandaliwa. Lile tabaka la seli lilikuwa likitoka bila mtu kukusudia. Likiwepo, mshipa ulilegea, likitolewa, ulikaza. Mwaka 1980 akatangaza kwamba seli hizo hutuma ujumbe kwa misuli iliyo nyuma yake: legea. Baadaye ikajulikana mjumbe huyo ni naitriki oksaidi, hewa, mojawapo ya zile zinazotoka kwenye moshi wa magari. Mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa Tuzo ya Nobel.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi kwa sababu ndicho kilichonifungua macho. Ndani ya kila mshipa wangu kuna walinzi wa zamu. Damu inapokwenda kasi huwasugua, nao wanapohisi msuguo huo hutengeneza ile hewa na misuli hulegea. Upande wa pili kuna wanaosema kaza: endothelini, iliyogunduliwa Japani mwaka 1988, na anjiotensini, ambayo figo ndizo huanzisha safari yake. Presha ya mtu inategemea sana nani kati ya hao anasikika zaidi. Na kila mmoja wao hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni, na jeni ndizo tunazopewa na wazazi.

Jeni ya kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za seli) kinachotengeneza naitriki oksaidi kwenye mishipa iko kwenye kromosomu ya 7. Ya protini inayozaa anjiotensini iko kwenye ya 1, na ya kimeng'enya kinachoikata iwe kali iko kwenye ya 17. Zote zina maandishi yanayotofautiana herufi moja moja kati ya mtu na mtu. Miaka ya 1990 watafiti wa Pisa, Italia, waliwachukua vijana wenye presha ya kawaida kabisa, baadhi yao wazazi wao wakiwa na presha na wengine wazazi wao wakiwa hawana. Waliingiza asetilikolini kwenye ateri ya mkono na kupima jinsi damu inavyoongezeka. Mishipa ya wale ambao wazazi wao walikuwa na presha ilifunguka kwa kiasi kidogo zaidi. Mashine ya presha ilikuwa bado haijaona lolote. Ukuta ulikuwa umeshaanza kuwa mzito wa kusikia. Niliposoma hayo niliwafikiria watoto wa kaka yangu, na binti yangu.

Iko familia moja ya Uturuki, upande wa Bahari Nyeusi, iliyoelezwa na madaktari mwaka 1973. Waliokuwa na presha katika familia ile wote walikuwa na vidole vifupi, na waliokuwa na vidole vya kawaida hawakuwa nayo. Wasipotibiwa, wengi walikufa kwa kiharusi kabla ya kufikisha miaka 50. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kulipata kosa lenyewe: mwaka 2015 likaonekana kwenye jeni iitwayo PDE3A, kromosomu ya 12. Kimeng'enya chake kinafanya kazi kupita kiasi kwenye misuli ya ukuta wa mishipa. Kinafuta ule ujumbe wa kulegea kabla haujakaa, na seli za misuli zinaongezeka hadi ukuta unanenepa. Jeni moja tu, na mtu anabeba presha kwenye vidole vyake, inaonekana hata akikusalimia.

Usiku nilioisoma habari hiyo niliangalia vidole vyangu. Kisha nikaangalia vya Baba kwenye picha ya harusi yake. Ni virefu.

Familia za namna hiyo ni chache sana duniani. Sisi wengine tumerithi vipande vidogo vidogo. Mwaka 2018 ilichapishwa kazi iliyopitia vinasaba, yaani hizo jeni, vya watu zaidi ya milioni 1, na jumla ya maeneo ya vinasaba yanayojulikana kugusa presha ikapita 900. Kila eneo peke yake huongeza kidogo mno, mara nyingi chini ya milimita 1 ya zebaki, kile kipimo cha presha. Mzigo unakuja vikikutana vingi kwa mtu mmoja. Kwa jumla wataalamu hukadiria kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya tofauti za presha baina ya watu inatokana na urithi.

Hapo ndipo desturi yetu ya kihamba inaponisaidia kufikiri, kwa sababu vinasaba vinaivunja. Kihamba hupewa mmoja, mzima. Vinasaba hukatwa upya kwa kila mtoto, nusu kwa baba na nusu kwa mama, bila kujali nani alitangulia kuzaliwa. Mtoto wa kwanza anaweza kuchukua vipande alivyokosa wa mwisho. Na mabinti, ambao kwetu hawapewi kihamba, wanapewa hivi sawasawa na kaka zao. Shangazi hakupata hata mgomba mmoja kwa Babu. Hiki alikipata.

Kuna jambo linaniuma katika sayansi hii, na nalisema wazi. Wale watu zaidi ya milioni 1 wana asili ya Ulaya. Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba kuliko bara lolote, kwa sababu binadamu wamekaa huku muda mrefu kuliko kwingine, lakini tunapimwa kwa rula iliyochongwa kwa wengine. Pale tulipopimwa wenyewe majibu yalikuwa na maana. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya jaribio la CREOLE lililofanyika katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo: kwa wagonjwa weusi, jozi za dawa zenye amlodipini ndani yake zilishusha presha vizuri kuliko jozi isiyo nayo. Amlodipini hulegeza moja kwa moja ile misuli ya ukuta wa mshipa. Nilipoandikiwa dawa hiyo nilijua inakwenda kugonga mlango gani.

Urithi nao si habari yote, mahali mtu anapoishi na kama anatibiwa navyo vina uzito, na hili tunalo hapahapa jirani. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu kiharusi kipya katika wilaya ya Hai na katika mitaa ya Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Hai walipatikana kama 109, Dar es Salaam kama 316. Nyuma ya hapo, mwaka 2000, ulichapishwa utafiti uliopima presha za watu wazima wa Shari, Machame, hukohuko Hai, na wa Ilala, Dar es Salaam. Kati ya waliokutwa na presha, asiyefika mmoja kwa kila watano ndiye aliyekuwa anajua kwamba anayo. Walioidhibiti hawakufika 1 kwa kila 100.

Baba alikuwa kati ya hao wachache waliojua. Alikuwa anameza vidonge, na siku moja zahanati wakampima, wakamwambia presha imekaa sawa. Akarudi nyumbani amefurahi, akaacha dawa. Hakuna aliyemwambia kwamba imekaa sawa kwa sababu ya vidonge. Miezi minane baadaye kikombe kikamdondoka. Nimewahi kuwa na hasira kubwa juu ya jambo hilo. Siku hizi nabaki na huzuni, na tabia ya kumwuliza kila mtu anayeniambia "mimi nilipona presha" kama bado anakula dawa.

Krismasi iliyofuata nilipanda nyumbani na mashine. Wote walikuwepo, kaka mkubwa na familia yake kutoka Dar, dada zangu wawili na waume zao, watoto wasiohesabika. Nilisubiri mbuzi achinjwe, watu wakae, kisha nikaiweka mezani na daftari. Kaka mkubwa aliikataa. "Wewe unatafuta wagonjwa sikukuu." Nikamwambia, "Shikamoo kaka, naomba mkono tu." Walicheka, naye akatoa mkono. 171 kwa 108, naye anaendesha gari usiku kucha kutoka Dar.

Tulipima watu wazima 19. Saba walikuwa juu. Mmoja ni mtoto wa kaka, miaka 24, anayeniita baba mdogo, kijana mwembamba anayecheza mpira: 148 kwa 94, na mara ya tatu 146 kwa 92. Mama yake alitaka kulia. Nilimchukua kijana tukatoka hadi mfongoni, nikamwonyesha kwa kipande cha mgomba, kama babu yake alivyofanya. Nikamweleza kwamba ule ukuta tuliorithi bado unasikia. Chumvi nyingi huwaziba midomo wale walinzi, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya kwenye supu, chipsi na mkate. Sigara huwaua. Kutembea kwa kasi huwaamsha, kwa sababu damu inayokimbia huwasugua na wao hutoa zaidi. Alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwahi kuuliza nikiwa na umri wake: "Kwa hiyo babu angekunywa dawa angekuwepo?" Nikasema nadhani angekuwepo. Tukarudi bila kuongea.

Kwa Mama ilikuwa kazi nyingine. Mama naye ana presha, ingawa si damu ya ukoo wa Baba. Sisi watoto tumechota kwenye vyungu viwili. Kumbe alikuwa ameacha amlodipini tangu Septemba kwa sababu miguu ilivimba. "Dawa gani inayomvimbisha mtu, baba? Mimi si mtungi." Alikuwa na haki ya kulalamika. Dawa ile huvifungua vishipa vinavyoleta damu kuliko vile vinavyoirudisha, na maji huvujia kwenye vifundo. Alichohitaji ni kurudi kwa daktari, naye alimpunguzia kipimo na kumwongezea losatani, inayoziba masikio ya misuli isisikie anjiotensini. Miguu imepungua. Magadi ndiyo bado tunavutana. Kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage, bila magadi kwake si kiburu, na ukimwambia magadi ni sodiamu, ndugu ya chumvi, anakujibu kwamba mama yake aliyala hadi miaka 90. Tumefika kwenye nusu ya kipimo. Anaionja na kunitazama.

Daftari liko kwangu sasa. Kurasa za kwanza ni za marehemu, kwa majina na umri: Babu, Baba, baba mdogo, Shangazi. Kwenye safu ya namba hakuna kitu, kwa hiyo nimeandika walikuwa wapi na ilikuwa saa ngapi. Kuanzia ukurasa wa tano ni walio hai. Kaka mkubwa hutuma picha ya mashine kila Jumapili jioni bila kuandika neno. Kijana alishuka hadi 134 kwa 86 kwa kupunguza chumvi na kukimbia, bado bila dawa. Daktari wake anamwangalia kila miezi mitatu.

Juzi binti yangu, miaka 9, alinyoosha mkono akataka naye aandikwe. Nilimfunga mkanda ukamzunguka karibu mara mbili. Mkanda mpana kuliko mkono hudanganya, husoma chini kuliko ukweli, kwa hiyo niliuvua bila kubonyeza. Akauliza wake uko wapi. Nimeshaulizia mkanda wa watoto kwenye duka la vifaa tiba pale mjini. Wamesema nirudi Jumanne.